Waliokataa Kutawaliwa: Utangulizi kwa Msomaji Mpya

Mwombe kijana wa Kitanzania amtaje mtu mweusi aliyepigana na Wazungu, atamtaja Mkwawa kabla hujamaliza kuuliza. Mkenya atakwambia Koitalel au Mekatilili, Mganda Kabalega, Mghana Yaa Asantewaa, na Mhaiti atabishana na mwenzake kama ni Toussaint au Dessalines. Majina tunayo tele. Yameandikwa kwenye mitaa, shule, viwanja vya michezo na kambi za jeshi. Kwa hiyo sina haja ya kukuongezea orodha. Taaluma ninayokukaribisha huanza pale jina linapoishia. Mtu huyu aliwapataje watu wa kumfuata? Jeshi lake lilikula nini? Nani alikataa kumfuata, na alikuwa na sababu gani? Habari zake ziliandikwa na nani, naye alikuwa akimwandikia nani? Na alipouawa au kufungwa, ni jambo gani lilibadilika duniani ambalo lisingebadilika kama asingekuwapo?

Niseme msimamo wangu mapema. Ushujaa hautoshi kufafanua chochote. Walioshinda walikuwa mashujaa, walioshindwa walikuwa mashujaa, na askari wengi weusi waliopigana upande wa Wazungu nao hawakuwa waoga. Kilichowatofautisha viongozi ni mipango: namna walivyowafanya watu wasiofahamiana, wa lugha na koo mbalimbali, watende jambo moja kwa wakati mmoja, huku adui akiwa na bunduki bora na hazina kubwa. Ukiisoma historia hii kwa jicho hilo, utaona hata walioshindwa vitani waliacha alama mahali ambapo hukutarajia kuzikuta.

Tuanze na Haiti, kwa kuwa hakuna mfano mkubwa kuliko huo. Mwaka 1789 koloni la Ufaransa lililoitwa Saint-Domingue, upande wa magharibi wa kisiwa cha Hispaniola, lilikuwa na watumwa karibu nusu milioni. Lilizalisha sukari na kahawa kwa wingi kiasi kwamba miji ya bandari ya Ufaransa ilitajirika kwa jasho lao. Watumwa wengi wa wakati huo hawakuzaliwa kisiwani. Walizaliwa Afrika, na sehemu kubwa yao walitoka Kongo na Angola. Mashamba yaliwaua upesi, wenye mashamba wakanunua wengine. Agosti 1791 watumwa wa uwanda wa kaskazini waliinuka pamoja, wakateketeza mashamba ya miwa, na mapigano yakadumu miaka kumi na mbili.

Toussaint Louverture hakuwa wa kwanza kuinuka. Alizaliwa mtumwa katika shamba la Bréda, akapewa uhuru wake miaka mingi kabla ya vita, na moto ulipowaka alikuwa mtu mzima mwenye mali kidogo na anayejua kusoma. Alijiunga na uasi, akapigana kwa muda chini ya bendera ya Hispania iliyotawala upande wa pili wa kisiwa, kisha mwaka 1794 akahamia upande wa Ufaransa. Februari ya mwaka huo huo Bunge la mapinduzi mjini Paris lilikuwa limefuta utumwa katika makoloni yake yote. Wapo wanaomwita kigeugeu kwa kuhama huko. Mimi naona ni mtu aliyekuwa akipima kila bendera kwa swali moja tu: je, watu wangu watabaki huru chini yake? Mwaka 1801 alitoa katiba iliyomfanya gavana wa maisha. Napoleon Bonaparte akatuma kundi kubwa la meli chini ya shemeji yake, Jenerali Leclerc. Toussaint alikamatwa kwa hila mwaka 1802, akapelekwa Ufaransa, na tarehe 7 Aprili 1803 alikufa katika ngome ya Fort de Joux, kwenye baridi ya milima ya Jura.

Hapo ndipo hadithi nyingi za shuleni huishia, na hapo ndipo mtafiti anapokaa sawa. Mbona kukamatwa kwa kiongozi hakukuzima vita? Ni kwamba habari zilikuwa zimefika kisiwani kuwa Napoleon amerudisha utumwa katika Guadeloupe, na kila aliyekuwa na panga alielewa maana yake. Dessalines, Christophe na majenerali wengine waliowahi kutumikia Ufaransa waliigeuka. Homa ya manjano ilikuwa ikiwamaliza askari wa Leclerc, na Leclerc mwenyewe ilimwua. Novemba 1803 Wafaransa walishindwa Vertières, na tarehe 1 Januari 1804 Haiti ikawa nchi huru. Ni uasi pekee wa watumwa katika historia ya dunia uliozaa dola.

Sasa tazama mawimbi yake. Mwaka 1803, baada ya ndoto yake ya Karibi kuharibika, Napoleon aliiuzia Marekani eneo la Louisiana kwa dola milioni 15, na ukubwa wa Marekani ukakaribia kuongezeka maradufu kwa mkataba mmoja. Mwaka 1816 Rais Pétion wa Haiti alimpa Simón Bolívar silaha na hifadhi kwa sharti la kuwakomboa watumwa katika nchi atakazozikomboa. Mwaka 1825 Mfalme Charles wa Kumi wa Ufaransa alituma manowari kudai faranga milioni 150 kama fidia ya mali ya waliokuwa wenye mashamba, na katika mali hiyo walihesabiwa pia binadamu waliojikomboa. Deni lilipunguzwa baadaye hadi milioni 90, lakini Haiti ililipa kwa vizazi. Anayekwambia kwamba umaskini wa Haiti ni laana au uvivu, muulize kama amewahi kusikia habari za mwaka 1825.

Kitabu ambacho karibu kila mtu wa taaluma hii amekipitia ni kile cha C.L.R. James wa Trinidad, The Black Jacobins, kilichotoka mwaka 1938. James aliandika akiwa na Afrika akilini. Alitaka Waafrika wa wakati wake waone kwamba ukombozi wa namna hiyo umewahi kufanyika. Lakini hakumfanya Toussaint kuwa malaika. Alionyesha jinsi jemadari huyo alivyowarudisha wakulima mashambani kwa amri kali ili uchumi usife, na jinsi alivyoacha kuwaeleza watu wake anachokifanya, mpaka wakaanza kumshuku. Wanahistoria waliofuata walisogeza macho kutoka kwa jemadari kwenda kwa watu wa kawaida. John Thornton alieleza kwamba wengi wa wapiganaji walikuwa askari waliotekwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Kongo, hivyo mbinu zao za kivita walizileta kutoka nyumbani. Naye Michel-Rolph Trouillot, mwana wa Haiti, aliuliza mwaka 1995 kwa nini tukio kubwa namna hii liliweza kunyamaziwa katika vitabu vya Ulaya. Jibu lake ni kwamba wasomi wa zama hizo hawakuwa na uwezo wa kufikiri kuwa mtumwa mweusi anaweza kupanga mapinduzi, kwa hiyo hata yalipotokea mbele ya macho yao waliyaita vurugu.

Hilo linatuleta kwenye shida kubwa ya taaluma hii: ushahidi. Kila mwaka insha za wanafunzi huanza na ile methali ya simba na mwindaji, kwamba historia ya mawindo itamsifu mwindaji mpaka simba wapate msimulizi wao. Ni methali nzuri, ila inawafanya watu waamini kuwa simba hakuandika kitu. Hendrik Witbooi, kiongozi wa Wanama wa Namibia, aliandika. Barua na shajara zake, alizoziandika kwa Kiholanzi cha Rasi, zipo hadi leo, na mwaka 2005 UNESCO iliziingiza katika rejista yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Humo utamkuta akijadiliana na Wajerumani kuhusu maana ya ulinzi wanaomtaka aukubali, na akimwonya hasimu wake Maharero wa Waherero kwamba mkataba alioutia saini utamtia utumwani. Aprili 1893 Wajerumani walivamia makazi yake Hornkranz alfajiri, wakaua watu, wengi wao wanawake na watoto. Witbooi aliponyoka, baadaye akalazimika kufanya mapatano, akawasaidia Wajerumani kwa miaka kadhaa, kisha mwaka 1904 akainuka tena na akafa kwa risasi Oktoba 1905 akiwa mzee. Mtu mmoja alipinga, akashirikiana, kisha akapinga tena. Vitabu vinavyowagawa watu wa zamani kuwa wazalendo na wasaliti hushindwa kumweka mahali pake.

Sisi wa Kiswahili nasi tuna maandishi yetu, na inasikitisha kwamba wanafunzi wetu huyafikia wakiwa wamechelewa. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi mrefu juu ya vita vya pwani ya Mrima vya 1888 na 1889, pale Bushiri bin Salim na Bwana Heri wa Saadani walipoinuka dhidi ya Kampuni ya Kijerumani, mpaka Bushiri akanyongwa Pangani Desemba 1889. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi juu ya Maji Maji, vita dhidi ya Wajerumani vya 1905 hadi 1907. Wote wawili walikuwa watu wa pwani, Waislamu wenye elimu, na watu wa bara katika tungo hizo huonekana kwa jicho la pwani. Soma tenzi hizo kwa umakini uleule unaousomea ripoti ya Mjerumani. Mtunzi mweusi naye ana upande.

Pale ambapo hakuna maandishi yetu, tunabaki na faili za adui. Nzinga Mbande, malkia wa Ndongo na Matamba katika Angola ya leo, aliyekabiliana na Wareno kwa takriban miaka thelathini hadi walipofikia mkataba wa amani mwaka 1656, tunamjua kwa sehemu kubwa kupitia mapadri kama Cavazzi, ambao walimchora kama jini kabla hajatubu na mtakatifu baada ya kutubu. Koitalel arap Samoei, Orkoiyot (kiongozi wa kiroho) wa Wanandi, aliuawa tarehe 19 Oktoba 1905 na ofisa wa Kiingereza Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitishwa kwa jina la mazungumzo ya amani. Maelezo yaliyosomwa zaidi kuhusu siku ile ni ya Meinertzhagen mwenyewe, katika shajara aliyoichapisha mwaka 1957. Baada ya kifo chake wataalamu wa ndege waligundua kwamba katika mkusanyiko wake mashuhuri wa ndege waliokaushwa kulikuwa na walioibwa makumbusho na kubandikwa lebo za uongo. Aliyedanganya juu ya ndege, tumwamini juu ya mtu aliyemwua? Simaanishi shajara yake itupwe. Isomwe kama hakimu anavyomsikiliza mshtakiwa.

Nataka tukae kidogo na Maji Maji, kwa sababu ndiyo iliyoijenga taaluma hii Afrika Mashariki, na ndiyo inayotufundisha vizuri zaidi maana ya uongozi.

Mwaka 1902 serikali ya Kijerumani ya Gavana von Götzen ilianzisha mashamba ya pamoja ya pamba kusini mwa Tanzania ya leo. Kila jumbe alitakiwa awatoe watu wake walime kwa zamu, chini ya viboko, huku mashamba yao wenyewe yakiota magugu. Malipo yalikuwa duni kiasi kwamba wengine waliyakataa. Ongezea kodi, na maakida waliotumwa kutoka pwani, na hasira ilikuwa imeiva. Lakini hasira iko kila mahali penye dhuluma, na mara nyingi haizai vita. Matumbi na Ungindo, Upogoro na Ungoni havikuwa na mfalme mmoja. Watu wa huko walikuwa na kumbukumbu za kuvamiana wao kwa wao. Nani angewaunganisha?

Mwaka 1904 huko Ngarambe, karibu na Rufiji, Kinjikitile Ngwale alipagawa na pepo Hongo. Watu walisimulia kwamba aliingia kwenye kina cha maji na akatoka siku iliyofuata nguo zikiwa kavu. Akajenga mahali pa ibada, na mahujaji wakaja kwa mamia kupata dawa ya maji ambayo ingewakinga na risasi, na kusikia kwamba wao wote ni wamoja. Habari ilisambazwa kwa siri, mtu kwa mtu, kwa mtindo ambao Wamatumbi waliuita njwiywila. Maofisa wa Kijerumani waliwaona mahujaji njiani, wakadhani ni mambo ya uganga tu. Julai 1905 ikiisha, huko Nandete, Wamatumbi waling'oa pamba ya serikali, na hilo ndilo lililokuwa tangazo la vita.

Kisha angalia tarehe. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya vita kuanza. Yeye hakuongoza pigano hata moja kubwa. Liwale ilianguka, maelfu walilishambulia boma la Mahenge tarehe 30 Agosti wakafyekwa na bunduki za rashasha, Wangoni wakaingia, na moshi ukafuka mpaka mwaka 1907, yeye akiwa kaburini. Kazi ya uongozi ilikuwa imekamilika kabla ya risasi ya kwanza. Aliyewapa watu sababu ya kuaminiana alikuwa amemaliza, na baada yake kila eneo lilipata viongozi wake: Mputa Gama na Songea Mbano huko Ungoni, Chabruma aliyeendelea kukimbizwa msituni, na mwanamke Nkomanile, ambaye Wangoni wanamkumbuka miongoni mwa waliopeleka dawa kwao. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga makumi ya viongozi wa Wangoni mjini Songea kwa siku moja, na kila mwaka tarehe hiyo huadhimishwa pale kwenye makumbusho.

Vita vyenyewe vilimalizwa kwa njaa. Askari wa serikali, ambao wengi wao walikuwa Waafrika, walichoma maghala na kuzuia watu wasipande. Makadirio ya Kijerumani yalitaja vifo 75,000. Mwanahistoria wetu G.C.K. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Nchi nzima nzima zilibaki bila watu, pori na tembo vikarudi, na sehemu ya ardhi hiyo ikaja kuwa ndani ya hifadhi ya Selous. Watalii waliopiga picha pale miaka yote hiyo walikuwa wakitazama, bila kujua, matokeo ya vita.

Waliokataa kuingia hawakuwa wachache. Wahehe, waliowaua mamia ya askari wa von Zelewski pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 na ambao Mkwawa wao alijipiga risasi mwaka 1898 ili asikamatwe, safari hii walikuwa upande wa Wajerumani. Ukiwaita wasaliti, kwanza eleza jinsi kabila lilelile lilivyokuwa la mashujaa miaka saba kabla. Walikuwa wametoka kupoteza kila kitu, na waliokuwa wakipigana sasa ni pamoja na mahasimu wao wa zamani. Uamuzi wao ulikuwa na hesabu, kama ulivyokuwa wa Witbooi.

Kuhusu Mkwawa niongeze jambo moja ambalo huwashangaza wageni. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliofunga Vita Kuu ya Kwanza, katika kifungu cha 246 uliitaka Ujerumani irudishe fuvu lake. Mtemi wa Uhehe, aliyekufa miaka ishirini na moja kabla, akaingia katika mkataba uleule uliochora upya ramani ya Ulaya. Fuvu lilirudi mwaka 1954, baada ya Gavana Twining kulichagua katika makumbusho ya Bremen kwa kulinganisha vipimo, nalo liko Kalenga.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipokuwa kichanga, wanafunzi wake walitumwa vijijini mwaka 1968 na 1969 kuwahoji wazee walioyaona Maji Maji kwa macho yao. Ni moja ya kazi bora kabisa zilizowahi kufanywa na wanafunzi wa Kiafrika. Bila wao tungetegemea mno kitabu cha von Götzen. Wakati huohuo Terence Ranger, aliyefukuzwa Rhodesia na kuja kufundisha Dar es Salaam, alitoa hoja kwamba upinzani wa kwanza na vyama vya uhuru vya baadaye ni mkondo mmoja. Nyerere mwenyewe alikuwa ameikumbusha dunia habari za Maji Maji alipozungumza Umoja wa Mataifa mwaka 1956. Hoja ya Ranger ilipendwa mno, na ilipendwa na serikali kuliko ilivyostahili. Mwaka 1970 Donald Denoon na Adam Kuper waliwashambulia wanahistoria wa Dar es Salaam kwamba wanalitafutia taifa jipya mababu. Baadaye akina Jamie Monson, Thaddeus Sunseri na Felicitas Becker walirudi kwenye nyaraka na vijiji, wakaonyesha kwamba mahali pengi watu walipigana kwa mambo ya kwao kabisa: misitu iliyofungwa, uwindaji uliokatazwa, magomvi ya watemi, madaraka ya wazee juu ya vijana na wanawake. Je, hilo linaivunja Maji Maji? Sioni hivyo. Linaikuza. Kuwaunganisha watu wenye sababu ishirini tofauti ni kazi ngumu kuliko kuwaunganisha wenye sababu moja.

Mekatilili wa Menza wa Wagiriama anathibitisha jambo hilohilo kwa kiwango kidogo, na kwake tunaona vizuri zaidi kwa sababu faili za Waingereza zimemfuata hatua kwa hatua. Mwaka 1913 serikali ya Kiingereza katika Kenya ya leo ilitaka kodi na vijana wa kufanya kazi mashambani pwani. Wagiriama hawakuwa na chifu wa kuamrisha kabila zima. Wazee wa kaya walikuwa wamepungukiwa nguvu, na watu walikuwa wametawanyika kuelekea mto Sabaki na ng'ambo yake. Mekatilili, mjane mwenye umri, hakushika cheo chochote. Alitumia kifudu, ngoma ya mazishi, akicheza kijiji hata kijiji mpaka umati ukamfuata. Akishirikiana na Wanje wa Mwadorikola aliwarudisha watu Kaya Fungo, makao yao matakatifu, wakala viapo, kiapo cha wanawake na kiapo cha wanaume, kwamba hakuna atakayemtumikia Mzungu. Kwa wiki chache watumishi wa serikali walijikuta hawana wa kumwamrisha. Alikamatwa Oktoba 1913, akapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi, na Januari 1914 akatoroka na kurejea nyumbani kwa miguu. Agosti 1914 Waingereza waliilipua Kaya Fungo kwa baruti, vita vikazuka, Wagiriama wakashindwa.

Maofisa walimwita mchawi. Ndivyo walivyomwita pia Nehanda wa Wazezuru, aliyenyongwa mwaka 1898 huko Harare ya leo. Ukikuta neno hilo katika faili ya kikoloni, simama. Mara nyingi maana yake ni kwamba mwandishi amekutana na mamlaka asiyoweza kuyaweka katika jedwali lake la machifu.

Vita vya Adwa huko Ethiopia nitavipitia haraka, kwa sababu vimeandikwa sana na utavipata popote. Tarehe 1 Machi 1896 jeshi la Menelik wa Pili na Malkia Taytu, watu wapatao laki moja kutoka majimbo mbalimbali, liliwashinda Waitaliano wa Jenerali Baratieri. Serikali ya Crispi ilianguka mjini Roma, na Oktoba mwaka huo Italia ilikubali kwa mkataba kwamba Ethiopia ni nchi huru. Mtu mweusi kokote aliko alipata mfano. Ila usisome Adwa bila kuuliza Waoromo na watu wa kusini wanasemaje juu ya Menelik, aliyezitwaa nchi zao kwa bunduki zilezile za Ulaya, wala bila kuwakumbuka mateka wa Kieritrea waliokatwa mkono wa kulia na mguu wa kushoto kwa kuwatumikia Waitaliano. Aliyepinga kutawaliwa na Wazungu anaweza kuwa mtawala mkali kwa wengine, na mwanahistoria halipwi kuficha hilo.

Kinachonivutia zaidi ni nyuzi zinazowaunganisha watu hawa ambao tumezoea kuwafundisha kila mmoja ndani ya mipaka ya nchi yake. Benito Sylvain, Mhaiti, alisafiri hadi Ethiopia baada ya Adwa, akawa mtu wa karibu wa Menelik, na mwaka 1900 alihudhuria mkutano wa Pan-Afrika ulioitishwa London na Henry Sylvester Williams wa Trinidad. Mhaiti akiizungumzia Ethiopia katika ukumbi wa London, miaka tisini na sita baada ya uhuru wa Haiti. Na Waingereza wenyewe, bila kukusudia, walikuwa wakiwakutanisha viongozi wa Afrika uhamishoni. Katika visiwa vya Shelisheli, mwanzoni mwa karne ya ishirini, walimweka Prempeh wa Asante, Kabalega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda, na baada ya vita vya 1900 wakamleta Yaa Asantewaa. Kabalega na Mwanga walikuwa wamepigana vita wao kwa wao kabla ya kukamatwa pamoja mwaka 1899. Mwanga alikufa hukohuko mwaka 1903, Yaa Asantewaa mwaka 1921. Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923 akafia Jinja kabla hajaiona Bunyoro. Prempeh peke yake ndiye aliyefika nyumbani, mwaka 1924. Yeyote anayetafuta mada ya tasnifu, Shelisheli inamsubiri.

Usidhani basi kwamba ni mambo yaliyokwisha. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea na kuomba msamaha kwa niaba ya nchi yake. Familia za Mbano bado zinalitafuta fuvu la Songea Mbano, na Wachaga wa Old Moshi bado wanalitafuta la mtawala wao Mangi Meli, aliyenyongwa Machi 1900. Maswali ya fidia yanayoulizwa Windhoek na Port-au-Prince yanajibiwa kwa nyaraka, na nyaraka hizo lazima pawepo mtu wa kuzisoma.

Ndiyo maana nakuomba jambo mahususi. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ina mafaili ya serikali ya Kijerumani ambayo tangu mwaka 1997 yamo katika rejista ya Kumbukumbu ya Dunia. Mengi yameandikwa kwa mkono, kwa mwandiko wa kale ambao hata Mjerumani wa leo hausomi bila kufundishwa, na Watanzania wanaoweza kuusoma ni wachache mno. Ukiwa kijana na una miezi sita, jifunze mwandiko huo. Ukiwa unatoka Umatumbi, Ungoni, Ugiriama au Unandi, umezaliwa na ufunguo ambao maprofesa wa Ulaya huutafuta kwa miaka: lugha ya bibi yako. Walioiona Maji Maji wamekwisha, ila wajukuu waliolelewa nao bado wapo, wana majina ya mabonde, ya makaburi na ya waliokimbia. Chukua simu yako, bonyeza kitufe cha kurekodi, na anza na swali dogo: wakati wa vita, ukoo wetu ulijificha wapi, na nani alitupa chakula?